Wiki Tuliyokula Vilabuni

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Ipuli, Tabora mjini, nikisubiri bajaji, akapita mwanamume na baiskeli aliyoifunga magunia mawili ya machicha, yale mabaki ya pombe ya kienyeji ambayo wafugaji hununua kulishia nguruwe. Magunia yalikuwa yanachuruzika. Harufu ilinifikia kabla ya baiskeli yenyewe: uchachu wa mahindi, utamu wa asali iliyoanza kugeuka, na kitu kingine kama mkate uliolowa maji. Bajaji ikaja, dereva akapiga honi, nikamwashiria aende. Nikabaki pale na mkoba wangu wa kazini, mtu mzima mwenye watoto wawili, namezea mate. Wengine wakisikia harufu ile wanakumbuka ulevi na ugomvi. Mimi nakumbuka kushiba.

Kwetu ni Usoke. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku, na mama alikuwa mwimbaji wa kwaya katika kanisa la Moraviani, mtu wa sauti ya kwanza na wa msimamo. Nyumbani kwetu pombe haikuingia hata kwa kutajwa. Nilijua tu, kwa maneno ya kuokoteza, kwamba baba aliwahi kuinywa zamani alipokuwa kijana wa mjini Tabora, akipakia na kupakua mizigo stesheni. Hiyo ndiyo kazi ya ukoo wetu, alikuwa akitania, maana babu yake alibeba mizigo kichwani kwenda pwani na kurudi enzi za misafara, na yeye akaibeba kutoka behewani hadi ghalani. Alipompenda mama aliambiwa achague. Akaacha pombe, akabatizwa, akarudi Usoke kulima. Mama alikuwa akiusimulia ubatizo huo kwa fahari, na kila aliposimulia baba alikuwa akitazama pembeni na kutabasamu.

Masika ninayoisimulia nilikuwa darasa la tatu. Tumbaku ilikuwa imekomaa na mabani yote ya kijijini, zile nyumba ndefu za udongo za kukaushia majani, yalikuwa yakitoa moshi. Moto wa bani hauachwi uzimike wala uzidi, kwa hiyo baba alikuwa akishinda huko, na mama alikuwa akimpakulia chakula kwenye bakuli lenye kifuniko, mimi nampelekea. Bakuli lilirudi tupu siku zote. Mama aliridhika. Alipoona amekonda alisema ni kazi ya moto, kila mwenye bani hukonda msimu huu. Jambo moja tu sikulielewa, nalo sikumwambia mtu: mbwa wetu, ambaye alizoea kulala uani karibu na jiko, alihamia kwenye bani, akanenepa mpaka akawa anahema akitembea.

Mimi nilikuwa na sikio lililotoa usaha. Lilikuwa linanuka, na mwalimu alinirudisha nyumbani hadi nipone. Tulikwisha kwenda zahanati, nikapewa dawa, likakauka na kuanza tena. Siku moja baba akasema atanipeleka Tabora, kwenye hospitali kubwa. Mama alishangaa. Bani lilikuwa na majani mabichi ndani, na nani angekaa na moto? Baba akajibu kwamba mdogo wake atasaidia, na kwamba sikio la mtoto si jambo la mchezo. Alizungumza polepole, kwa sauti iliyokuwa imeanza kukwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Nilijaa kiburi. Watoto wenzangu walikuwa wanaugua na kupona bila baba zao kuinua hata jembe kwa ajili yao. Wangu alikuwa anaacha tumbaku motoni kwa ajili ya sikio langu.

Tulipanda treni na kushuka Tabora mchana, tukachukua chumba kwenye gesti moja nyuma ya soko. Kesho yake asubuhi tukaenda hospitali. Nilikaa kwenye benchi refu nimevaa gauni langu la kanisani, nikisubiri jina langu liitwe. Likaitwa la baba. Nilidhani wamekosea, au kwamba hospitali kubwa humwita mzazi kwanza. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mkono mmoja umeshika koo. Akaniambia daktari anataka turudi baada ya wiki moja. Nikauliza, na sikio? Akalitazama sikio langu kana kwamba ndiyo kwanza analiona siku ile, akasema sikio nalo lina siku yake.

Tulipofika nje getini akasimama na kuniuliza, "Mama, unataka kula nini?"

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Lakini swali lenyewe lilikuwa geni. Kwetu mtu haulizwi anataka kula nini, anakula kilichopikwa. Nilisema kuku, nikitarajia atacheka. Hakucheka. Akanishika mkono tukatembea hadi mtaa wa Ng'ambo, akaingia uchochoro mmoja, akageuka, akaingia mwingine, mtu anayejua njia kwa miguu na si kwa macho, tukatokea kwenye ua wa makuti uliokuwa umejaa watu na sauti.

Hicho ndicho kilikuwa kilabu cha kwanza maishani mwangu. Nilikitambua kwa hofu, kutokana na mahubiri. Nilitegemea kuona watu wakipigana. Badala yake niliona wazee wawili wakicheza bao, mwanamke akichuja pombe kwa kitambaa cheupe juu ya pipa la bluu, na kwenye kona majiko manne ya mkaa yenye sufuria zinazofoka. Mabenchi yalikuwa ya matofali yaliyosiribwa udongo, laini na ya baridi, yakikuchukua makalio kama kiganja. Kila aliyepita alimsalimu baba, nami nikatoa shikamoo hadi nikachoka. Baba akaagiza kuku wa kienyeji na ugali, sahani mbili, na kikombe kimoja cha wanzuki, pombe ya asali, kwa sababu pale mtu hawezi kukalia benchi bila kikombe mbele yake.

Nilikula. Kuku wa pale alikuwa amechomwa kwanza, kisha akapikwa kwa kitunguu na pilipili kidogo, mchuzi mwekundu wenye mafuta yanayoelea kama sarafu. Baba alikuwa ameegemeza viwiko magotini, ananitazama. Sahani yake aliiacha kwenye benchi kati yetu. Nilipomaliza yangu akaisogeza yake mbele yangu.

"Wewe huli?" niliuliza.

"Nimeshiba," alisema. "Kula polepole. Usimeze haraka. Halafu uniambie ikoje."

Nikamwambia ni tamu. Akatikisa kichwa, akasema tamu si neno, hata sukari ni tamu. Nikafikiri, nikasema nyama ni ngumu mwanzoni halafu inakubali, na kwenye mfupa kuna ladha ya moshi. Akafumba macho. "Eeh," akasema, "bado wanamchoma na manyoya madogo." Kisha akakiinua kikombe, akakinusa muda mrefu, akanywa funda moja dogo. Lile funda halikukaa. Lilimrudia kwa mdomo na kwa pua, likaniruka kwenye gauni, naye akakohoa mpaka wale wazee wakaacha bao wakageuka. Alijifuta kwa leso, akaomba radhi, akasema limepita njia mbaya. Hakukigusa tena kikombe kile. Nami sikuwaza lolote, maana hata mimi maji hunipita njia mbaya nikicheka.

Wiki nzima tulikula hivyo. Asubuhi alininunulia chapati mbili na chai, yeye akikaa kusubiri. Mchana tulikwenda kilabuni, kila siku kingine, vile alivyovijua ujana wake. Vingine havikuwepo tena. Tulifika mahali akakuta nyumba ya tofali za saruji na geti la bati, akasimama akiliangalia geti kama mtu aliyepewa habari mbaya, kisha tukaendelea. Karibu na reli tulipata kilabu cha wapakiaji, palipokuwa na supu ya makongoro iliyochemka tangu alfajiri, inanata midomoni, na ndizi zilizochomwa hadi ganda likapasuka. Siku nyingine tulikula nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na ugali wa mtama mweusi kama udongo uliolimwa. Baba aliagiza kwa utaratibu, akijua jiko gani linapika nini vizuri zaidi, na kila mara akauliza ikoje. Nikawa hodari. Nilijifunza kusema kitu kina uchungu mwishoni, kitu kinateleza, kitu kina harufu ya chombo. Nilipata maneno ambayo nyumbani hayakuwa na kazi.

Mara moja moja alichukua kipande cha nyama. Alikitafuna kwa muda mrefu, taya zikizunguka, macho yake kwangu, kisha akainua leso mdomoni na kuishusha mfukoni. Niliona. Nikadhani ndivyo watu wa mjini wanavyokula, wanachukua utamu na kuacha nyama, kama sisi tunavyofanya na muwa. Nilimwona bwana mkubwa. Nilinenepa wiki ile. Gauni lilinibana kwapani, na suruali ya baba ilishikwa na kamba aliyoiomba kwa mwenye gesti, kwa kuwa mkanda ulikuwa umeishiwa matundu. Mambo hayo mawili nilikuwa nayaona kila asubuhi tukivaa, moja kando ya jingine, na sikuyaunganisha.

Kilabu cha mwisho kilikuwa nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Kwihara, ile njia ya zamani yenye miembe mikubwa. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa makamo aitwaye Mama Nyamizi, ambaye zamani alikuwa akiwapikia wapakiaji stesheni. Alimtambua baba kwa mwendo, akamwita kwa jina akiwa bado mbali, lakini tulipomkaribia furaha ikapungua usoni mwake. Alimshika mkono na hakuuachia upesi. Alituwekea uyoga uliotoka porini asubuhi ile, uyoga mpana wa rangi ya maziwa, umechemshwa kwa chumvi na kuungwa karanga. Nikamweleza baba kwamba unalainika kama maini lakini una harufu ya mvua. Mama Nyamizi alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Alitazama sahani ya baba, akatazama leso, akaondoka, akarudi na uji mwepesi wa ulezi uliotiwa asali.

"Jaribu huu, Maganga," alisema.

Baba akajaribu, nadhani kwa heshima tu. Alichukua kijiko kimoja, akashikilia ukingo wa benchi, shingo ikanyooka kama ya jogoo. Kisha akainuka haraka akaenda nyuma ya ua. Tulimsikia. Mama Nyamizi akakaa karibu yangu na kuniuliza ni siku ngapi baba hajala. Nikamwambia baba ameshiba. Akanirudia swali kwa upole, nami nikarudia jibu langu, safari hii kwa ukali kidogo, kwa sababu nilihisi anataka kumsema. Baba aliporudi, Mama Nyamizi ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mkeo anajua?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Tumbaku ikishatoka kwenye bani."

 Mama Nyamizi alinifungia uyoga uliobaki kwenye jani la mgomba, akatusindikiza hadi barabarani, na tulipoagana alifanya jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamke akimfanyia baba: alimweka kiganja shingoni, pale chini ya kidevu, akakiacha hapo kitambo.

Kesho yake tulirudi hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, aliyeona aibu kuzungumza na mtu wa umri wa baba yake akiwa amekaa. Alianza kwa shikamoo. Baba alisema mtoto abaki, hana neno, masikio yake mabovu. Ni kweli nilisikia nusu nusu, lakini nilisikia. Daktari alisema njia imeziba. Alisema imeziba karibu yote na hivi karibuni hata maji hayatapita. Nilishtuka, maana ilikuwa masika na niliwahi kusikia reli ikichukuliwa na maji, abiria wakakwama siku kadhaa. Nikaanza kuhesabu tutafikaje Usoke kama njia imeziba, na kama mama atajua tuko wapi. Daktari alikuwa akieleza kwamba angeweza kumwandikia aende Mwanza au Dar es Salaam, kwamba huko wanaweza kupitisha mpira wa kulishia.

"Nikienda nitapona?" baba aliuliza.

Daktari alivua miwani. "Mzee wangu, utapata nafuu ya kumeza kwa muda. Kupona, siwezi kukudanganya. Umechelewa."

Baba alimshukuru. Alimshukuru kana kwamba amepewa kitu. Akapokea karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko uleule wa leso. Tulipotoka nilimwuliza kama kuna njia nyingine ya kurudi nyumbani, tofauti na ile iliyoziba. Akanitazama, akasema, "Hakuna, mama." Nikalia pale kwenye ngazi za hospitali, kwa ajili ya treni. Akanibembeleza akidhani nimeelewa, na mimi nikabembelezwa nikidhani anazungumzia reli. Jioni ile treni ilipofika kama kawaida na kutupakia kama kawaida, nilifurahi kupita kiasi, nikamwambia, unaona, njia imefunguka.  Aligeukia dirishani.

Kabla ya kushuka Usoke aliniambia mambo ya mjini tuyaache mjini. Nilielewa mara moja. Alimaanisha vilabu. Nikaapa moyoni kwamba hata mama anichape, sitasema.

Mama alitupokea akiwa na masizi mikononi. Kwa wiki nzima yeye na baba mdogo walikuwa wamepokezana moto, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa moshi na usingizi. Swali lake la kwanza lilikuwa, wamesemaje kuhusu sikio? Baba akafungua mdomo. Nafikiri lilikuwa limemtoka kabisa akilini, kiasi kwamba hata uongo hakuwa ameuandaa. Akasema watalitazama siku nyingine. Mama akanivuta karibu ili alione mwenyewe, akainama, akakaa vile ameinama. Alikuwa ananusa gauni langu la kanisani. Nililifua kwenye gesti kwa sabuni ya kipande, lakini asali iliyochacha haitoki kwa sabuni ya kipande.

Alisimama wima. Akamwita baba kwa jina lake, Maganga, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya. Siku zote alikuwa baba watoto. Hakupaza sauti. Alisema amekaa kwenye moto wiki nzima na mimba tumboni, wakati baba amemchukua mtoto mgonjwa akaenda naye kunywa. Alisema alijua. Tangu aanze kukonda, tangu sauti ianze kukwaruza, alijua kwamba amerudia, ila alikuwa anaomba isiwe. Baba aliinamisha kichwa. Hakukana. Leo najua kwamba alikuwa ameamua kulipokea, kwamba lile lilikuwa kosa jepesi kubeba kuliko lingine, na angelibeba hadi tumbaku itoke.

Lakini mimi sikuvumilia. Nilikuwa nimemwona wiki nzima, na nilijua hakulewa hata siku moja. Kiapo changu kikanitoka.

"Hakunywa, mama," nilisema. "Alijaribu mara moja tu, ikamrudi, ndiyo ikanimwagikia. Hakunywa wala hakula. Chakula chake chote nilikula mimi. Nyama alikuwa anaitafuna anaitemea kwenye leso. Hata uji wa Mama Nyamizi alishindwa. Kweli mama. Hata maji."

Nilisema kwa mkupuo, nikijivunia kila neno, kama wakili. Nilikuwa nangoja uso wa mama ulainike. Badala yake ulipoteza rangi. Alimtazama baba kuanzia shingoni, akashuka hadi kwenye ile kamba ya kiunoni, akapanda tena, na nadhani akayaona kwa mara moja mabakuli yote yaliyorudi matupu. Akakaa chini, pale pale kwenye majivu. Baba akasema, "Nilitaka tumbaku itoke kwanza."  Mama akanyoosha mkono, naye baba akachuchumaa mbele yake, akauchukua. Mimi nilibaki nimesimama na uyoga wangu kwenye jani la mgomba, nikijaribu kuelewa nimekosea wapi.

Hawakwenda Mwanza wala Dar es Salaam. Walilizungumza siku mbili, wazee wa kanisa wakaja, wakaomba, wakaondoka wakitazama chini. Baba alisema hataki kufia asipojulikana kwa ajili ya mpira. Tumbaku ya mwisho baba mdogo aliitoa kwenye bani ikiwa imeungua. Mama alihamisha jiko nyuma kabisa ya nyumba ili harufu isifike chumbani, akatukataza kutaja chakula mbele ya baba. Ila yeye baba alikuwa akiniita. Alikuwa ananikalisha pembeni ya kitanda na kuuliza, kwa ile sauti iliyobaki hewa tu, leo mmekula nini, ilikuwaje. Nami tangu siku ile ya majivu maneno yote yalikuwa yamenitoka. Nilikuwa nasema hatukula. Au nasema maharage, basi. Alisubiri niendelee, macho kwangu, nami nikatazama ukuta. Ilifika siku akaacha kuniita. Wako watu niliowasimulia habari hii wakaniambia yale maswali yalikuwa karamu yake, na kwamba wiki ile mjini alinipa zawadi. Pengine. Mimi ninachojua ni kwamba aliniomba kitu kimoja, kitu rahisi, ambacho nilikuwa nacho, na nilimnyima.

Alikufa mwishoni mwa masika, adhuhuri, mvua ikiwa imekatika. Alikuwa amebaki mwepesi hivi kwamba baba mdogo alimbeba peke yake kutoka chumbani hadi sebuleni.

Siku ya maziko walichinja ng'ombe wawili. Watu walitoka Urambo, Ulyankulu, hata Tabora, na sufuria zilizoazimwa kanisani zikapangwa uani kwa mstari, wali huku, nyama kule, nyumba yetu haikuwahi kuwa na chakula kingi vile. Mama alikuwa ndani, amezungukwa na wanakwaya, hakula kwa siku tatu. Mimi niliitwa na mwanamke mmoja nisiyemjua, akanikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akanipa sahani iliyojaa, na juu yake kipande cha ini. Nikala. Nilikula wali wote, nikala nyama, nikafuta mchuzi kwa kidole, na yule mwanamke akaniongeza, nikala tena. Nikasikia akimwambia mwenzake, masikini, mtoto haelewi.

Nilikuwa naelewa kila kitu. Nilikuwa na njaa.